Sahihi ya Mwenzi

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja, na Breki alikuwa amesoma mbili. Zile nyingine alizifunua mojamoja kwa heshima, kidole kikishuka pembeni mwa mistari kama mtu anayesoma, ili meneja asimwone mjinga. Mkewe, aliyeketi kando yake na mkoba magotini, alikiona kidole kile na akaelewa. Alikuwa mshonaji, alishazoea wateja wanaotikisa kichwa huku hawajui wamekubali nini.

"Hapa panataka sahihi ya mwenzi," meneja alisema, akaigeuza karatasi upande wa mwanamke. Alikuwa mtu wa sauti ya taratibu, shati limenyooka, na juu ya meza yake kulikuwa na bakuli la peremende kwa ajili ya wageni. "Ni utaratibu tu, mama. Vitu vya nyumbani vinaingia kwenye dhamana, kwa hiyo mke lazima aridhie."

"Vitu gani?"

"Kitanda, kabati, vyombo. Vya kawaida tu. Hatujawahi kuchukua kitanda cha mtu," akacheka kidogo. "Tukichukua, tutakilalia na nani?"

Breki naye akacheka. Jina hilo alipewa na mwalimu wake wa udereva, kwa sababu siku za mwanzo hata kivuli cha mti barabarani kilimfanya akanyage breki. Leseni ya malori makubwa alikuwa nayo miezi minane tu, na miezi yote hiyo alikuwa ameajiriwa na kampuni hiyohiyo, akiendesha lori lao kwa mshahara wa laki sita. Sasa kampuni ilikuwa inawaambia madereva wake waache utumwa. Unatoa milioni tatu, unakabidhiwa lori, unalipa laki nne kila wiki kwa wiki mia na hamsini, halafu kadi inageuzwa kwa jina lako. Mizigo wanakupa wao wenyewe.

"Na likiharibika?" mshonaji aliuliza.

"Mama, ukinunua cherehani ikavunjika sindano, unarudi dukani?" Meneja alimwangalia kwa upole. "Gari likiwa lako, na maradhi yake ni yako. Ndiyo raha ya kumiliki."

"Kwenye kadi ni lenu mpaka miaka mitatu iishe. Kwenye maradhi ni letu kuanzia leo."

Chini ya meza mguu wa mumewe ulikanyaga wake, si kwa nguvu. Meneja aliacha kumtazama mwanamke, akamgeukia Breki. "Una mke mwenye akili. Wengi hapa wanakuja na wake wanaolala kwenye kiti." Halafu akamsogezea mshonaji kalamu, na peremende moja.

Alisaini. Miezi iliyofuata, kila alipotaka kumlaumu mumewe, alikuwa anakumbuka kwamba sahihi zilikuwa mbili.

* * *

Milioni tatu zile zilikuwa za watu watatu. Laki nane za Breki mwenyewe. Milioni moja na laki mbili za mshonaji, alizoweka miaka minne kwenye kikundi cha akina mama, za ada ya binti yao aliyekuwa ameingia sekondari ya bweni. Milioni iliyobaki ilikuwa ya mama yake Breki, aliyekaa nao chumba cha uani. Ilikuwa ya kumtoa mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Macho haya yameona miaka sabini," bibi alisema siku alipoitoa, akiwa ameifunga kwenye kitambaa. "Hakuna kipya yanachokikosa. Yasubiri gari."

Jumapili ya kwanza lori lilipoletwa na kuegeshwa kwenye uwanja karibu na nyumba, majirani walikuja kulizunguka. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu inayong'aa. Mdogo wake mshonaji, makanika, naye alikuja, lakini yeye hakulizunguka. Alivua shati, akaingia chini ya uvungu, akakaa huko muda mrefu hata watu wakaanza kuondoka. Alipotoka alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Shemeji, wamelipaka rangi, hawakulitengeneza," alisema. "Giaboksi ina sauti mbaya. Na fremu imechomelewa upya mara mbili. Hili gari limeshapita mikononi mwa watu."

"Kila gari la mtumba limepita mikononi mwa watu."

"Sikatai. Lakini wewe bado mgeni barabarani. Dereva mpya huajiriwa kwanza, miaka mitatu, minne. Anajifunza kusikiliza gari kwa hasara ya mwenye gari. Likifa mlimani, anampigia simu tajiri, analala usingizi. Wewe likifa mlimani utampigia nani?"

Watu walikuwa bado wamesimama. Breki aliona kwamba wanasikiliza, na uso ukambadilika. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kugombana, na kama walivyo wengi wa aina hiyo, siku akigombana hakujua pa kuishia.

"Shemeji yangu," alisema kwa sauti ya kusikika, "una miaka kumi na tano unalala chini ya magari ya watu. Umewahi kumiliki hata baiskeli?"

Mtu mmoja alicheka. Makanika alivaa shati lake bila kufunga vifungo, akamuaga bibi, akamuaga dada yake, akaondoka. Chai aliyowekewa ikapoa kwenye meza.

"Hukufanya vizuri," mshonaji alimwambia mumewe baada ya watu kutawanyika.

"Alinivua nguo mbele ya watu."

"Alikuwa anakuvika."

Breki alichukua ndoo na sabuni, akaenda kuliosha gari lililokuwa safi.

* * *

Wiki tano za mwanzo zilikuwa za neema, na neema ndiyo iliyowaponza. Breki alipata safari mbili kila wiki, kupeleka saruji kwenye mji wa machimbo na kurudi na magunia ya nafaka. Baada ya dizeli, rejesho, bima, maegesho na kile walichokiita huduma ya ofisi, laki tatu zilibaki mkononi. Nyama ikarudi mezani. Alimnunulia mama yake blanketi, akaahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha macho yatapasuliwa. Wauza duka wa mtaani walianza kumwita tajiri, kwanza kwa utani, halafu bila utani, na akawa anaitikia.

Barabarani hakuwa mbaya. Aliendesha taratibu, alitumia dizeli kidogo kuliko wenzake, hakunywa. Mshonaji alipomsikia akieleza kona na miteremko, alidhani labda mdogo wake alikosea.

Wiki ya sita safari ilikuwa moja. Ya saba moja. Ya nane hakuna. Kampuni ilikuwa imewapa malori madereva wengine kumi na wawili, na mizigo ilikuwa ileile. Breki alipofanya hesabu vizuri, akiwa na kalamu ya binti yake, aligundua kwamba kwa wiki ya safari moja alikuwa anafanya kazi siku nne, halafu bado anadaiwa zaidi ya laki moja. Wiki isiyo na safari alidaiwa laki tano na nusu kwa kukaa.

"Tafuta mzigo kwingine," mkewe alisema.

"Mkataba hauruhusu. Ukurasa wa saba. Nikibeba mzigo wa mtu mwingine wanalichukua."

"Ukurasa wa saba umeusoma lini?"

"Jana."

Breki alihamia kwenye yadi ya kampuni. Foleni ya mizigo ilikuwa ya anayekuwepo, na aliyekwenda kulala nyumbani alikuta jina lake limeshuka. Kwa hiyo alilala ndani ya gari, na mchana mshonaji alimpelekea chakula kwenye kontena la plastiki. Yadi ilikuwa ya vumbi na mafuta, malori yamepangwa kama ng'ombe mnadani, na madereva wamekaa kwenye vivuli vya matela wakicheza drafti kwa vizibo vya chupa. Kwenye kibanda cha mbao alikaa karani wa mizigo, kijana mwembamba wa miaka kama ishirini na tatu, mwenye daftari.

Siku moja mshonaji alifika, mumewe hayupo garini. Alisubiri. Baada ya muda alimwona akitoka getini, amebeba soda mbili zenye baridi na mkate uliofungwa kwenye gazeti, akatembea haraka kuelekea kwenye kibanda. Aliviweka dirishani. Karani alichukua bila kuinua macho, akasema kitu, na Breki, mwanamume wa miaka thelathini na saba, baba wa mtoto, akageuka akaenda tena, safari hii akarudi na kiberiti.

Alipomwona mkewe alisimama.

"Umefika zamani?"

"Sasa hivi," mshonaji alisema.

Walikaa kwenye ngazi ya gari, akala. Alikula haraka, kijiko kikigonga plastiki.

"Anasema kesho kuna mzigo," alisema. "Kijana mzuri, ukimjua."

"Soda unanunua kwa hela ya nani?"

"Ni soda tu, mke wangu." Alitafuna. "Wengine wanampa zaidi ya soda. Ndiyo maana wao wanasafiri."

Mzigo wa kesho ulitoka baada ya siku nne.

* * *

Giaboksi ilikufa wiki ya kumi na nne, katikati ya mlima, saa nane mchana, tela likiwa limejaa saruji. Breki alifanya kila alichofundishwa. Alivuta breki ya mkono, akaruka chini na jiwe, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akaweka matawi barabarani kuwaonya wengine. Kisha akampigia simu meneja. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kutoa taarifa mapema, akamwambia atafute fundi.

Simu ya pili ilikuwa ya mkewe. Alimkuta kwenye cherehani, sketi ya shule ikiwa nusu.

"Giaboksi," alisema, na neno lenyewe likakaa kati yao.

"Wewe uko mzima?"

"Niko mzima. Mawingu yanakuja huku. Mpigie mdogo wako. Mimi siwezi."

Mshonaji alipiga. Alijiandaa kusema mengi, lakini mdogo wake alimkatiza. "Mlima gani?" Mshonaji akautaja, naye akasema, "Aweke turubai, afunge kila upande. Mimi naondoka na basi la saa kumi." Hakusema jingine, wala siku ile wala baadaye. Wapo watu ambao msamaha wao unaumiza kuliko tusi, na Breki alipomwona shemeji yake anashuka kwenye basi na sanduku la spana begani, alishindwa kumwangalia.

Mvua ilikuwa imemtangulia makanika. Turubai la kampuni lilikuwa na matundu, jambo ambalo Breki alikuwa ameliandika kwenye fomu mara mbili. Mifuko themanini ya saruji ililowa na kugeuka mawe.

Spea ilitaka laki tisa. Mshonaji alikwenda kwenye kikundi. Akina mama walikutana kwenye baraza ya mwenyekiti wao, muuza mkaa, na utaratibu ulikuwa kwamba anayekopa husimama aeleze. Alisimama akaeleza.

"Lakini mwezi wa kwanza si mlikuwa na gari?" mmoja aliuliza. Alikuwa jirani, na alijua.

"Tunalo. Limeharibika."

"Tajiri anakopa kwa wauza mkaa," mwingine alisema, wakacheka, si kwa ubaya sana. Mwenyekiti aliwanyamazisha. Walimpa laki sita, riba moja kwa kumi, na walimtaka aandike kwamba cherehani yake ni rehani. Laki tatu zilizopungua aliziomba kwa mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa amelala siku ya tatu chini ya lori pembeni mwa barabara, na ambaye alimtuma mkewe azilete asubuhi yake.

Lori lilirudi siku ya sita. Wiki hiyohiyo kampuni iliwaandikia kuwa wanadaiwa mifuko themanini, jumla milioni moja na laki mbili, kwa kuwa mzigo ukiwa barabarani ni jukumu la mmiliki. Na shule ilimrudisha binti na begi lake, kimya, na barua iliyopinda mara nne. Alipofika alivua sare, akaikunja, akaketi kwenye cherehani ya mama yake akaanza kutia vifungo mashati ya watoto wengine.

Bibi alikuwa sasa anatembea kwa kupapasa ukuta. "Mkwe wangu," alimwambia mshonaji siku moja wakichambua mboga, "usinifiche. Gari linakwenda au linatupelekesha?"

"Linatupelekesha, mama."

"Haya. Mimi sioni, lakini mwendo nausikia." Akaendelea kuchambua, akitupa majani mazuri na kubakiza makavu, na mshonaji akawa anayabadilisha polepole bila kumwambia.

* * *

Wiki ya kumi na tisa Breki alilala nyumbani usiku mmoja tu, na asubuhi alipokwenda yadini akakuta nafasi ya lori lake ina doa la mafuta tu. Godoro lake, sufuria na koti vilikuwa vimewekwa karibu na kibanda cha karani, ndani ya mfuko wa saruji. Karani, safari hii, alimtazama. "Nenda ofisini, bro. Njoo na mama."

Walikwenda saa tano. Meneja alikuwa na karatasi tayari, na zile peremende zilikuwepo.

"Nimeumia kuliko ninyi," alisema, na huenda hakudanganya sana, maana alikuwa na uso wa mtu anayechoka. "Lakini ukurasa wa nne uko wazi. Marejesho matatu yakipita, mkataba unavunjika. Malipo ya awali hayarudi. Na hapa kuna malimbikizo, kuna mzigo, kuna gharama ya kulirudisha gari."

"Gari lilikuwa ndani ya yadi yenu," mshonaji alisema. "Mmelirudisha kutoka wapi?"

"Kutoka upande ule kwenda upande huu kuna karatasi, mama."

Jumla ilikuwa milioni mbili na laki sita. Breki aliitazama kwa muda, midomo ikitembea. Giaboksi mpya, ile aliyoifunga shemeji yake, ilikuwa imebaki ndani ya gari, na alipoitaja meneja alitikisa kichwa kwa huruma: kilichofungwa kwenye gari ni cha gari.

"Sisi si watu wabaya," meneja aliendelea. "Wewe ni dereva mzuri, bahati imekataa. Nakurudisha kwenye mshahara, laki sita kama zamani, nusu tunakata deni. Na kuna njia ya kulipunguza haraka. Jumatatu kuna vijana wanakuja kuchukua magari. Wanaogopa, kama ulivyoogopa wewe. Wanapenda kumsikia mtu aliyekaa kwenye usukani, si mtu wa ofisini. Ukimkalisha mmoja akasaini, nafuta laki tatu. Kila mmoja, laki tatu."

"Niwaambie nini?" Breki aliuliza.

"Wiki zako tano za mwanzo. Zilikuwa za kweli, au siyo?"

Walipotoka jua lilikuwa kali, na walitembea mpaka mwisho wa ukuta wa yadi.

"Usifanye," mshonaji alisema.

"Nusu ya laki sita ni laki tatu. Kodi, chakula, kikundi chako. Ada iko wapi hapo? Na macho ya mama je?" Hakuwa na hasira; sauti yake ilikuwa kavu. "Mtu mmoja tu akisaini, binti anarudi shule muhula huu. Nisipomwambia mimi atamwambia mwingine. Wewe unadhani mimi aliniambia nani? Yule mwenye masharubu, wa lori jekundu. Mpaka alinipigapiga begani. Siku hizi nikimwona anageuza uso, nilikuwa sijui kwa nini."

* * *

Jumatatu mshonaji alikwenda yadini kwa sababu meneja alitaka sahihi yake kwenye hesabu ya deni. Alipoingia getini alimwona mumewe mbele ya lori lililopakwa rangi ya kijani. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni lile lile. Mbele yake walisimama kijana mmoja mwenye shati jipya na mkewe, mjamzito wa miezi kama sita, msichana mwenye nywele zilizosukwa kwa ustadi. Meneja alikuwa hatua chache nyuma, mikono mgongoni.

"Wiki ya kwanza tu niliweka laki tatu mfukoni," Breki alikuwa anasema. "Ya pili hivyohivyo. Gari linajilipa." Alikuwa anaongea na tairi. "Giaboksi ni mpya kabisa."

Kijana alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshaamua. Mkewe hakuwa anatabasamu. Alimwona mshonaji anakuja, akaona jinsi Breki alivyonyamaza ghafla, akajumlisha.

"Dada, ni mumeo huyu?"

"Ni mume wangu."

"Hata mimi wanataka nisaini. Na wewe ulisaini?"

Mshonaji alimwangalia mumewe. Breki hakumfanyia ishara yoyote, wala hakumsihi kwa macho. Alikuwa amesimama tu, mkono mmoja kwenye bodi ya gari, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Nilisaini," alisema. "Lori ni hilihili, lilikuwa buluu. Wiki tano tulikula, kumi na nne tulilia. Milioni tatu zimekwenda, tunadaiwa mbili na laki sita, mwanangu yuko nyumbani na mkwe wangu anapofuka. Giaboksi ni mpya kwa sababu tuliinunua sisi. Mwache mumeo aajiriwe kwanza, mdogo wangu. Gari la kwanza lisiwe hili."

Hakuinua sauti. Madereva wawili waliokuwa wanacheza drafti waliacha kusogeza vizibo.

Meneja ndiye aliyejibu, kwa upole uleule. "Mama ana machungu. Nyumba yake imepata mtihani, tunamwombea. Lakini kila mtu na mkono wake." Akamshika kijana begani. "Kuna wanaoshindwa na kuna wanaoweza. Mimi siwezi kukuchagulia wewe uko wapi."

Kijana aliona aibu, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya Breki, mwanamume aliyesemewa na mkewe mbele ya watu. "Pole, kaka," alimwambia. Halafu akamwambia mkewe, "Twende ndani." Msichana alisita, akamtazama mshonaji mara moja tena, akafuata. Ofisini walikaa dakika ishirini. Walitoka na funguo.

Zile laki tatu hazikufutwa, kwa kuwa, meneja alisema, kijana alisaini licha ya Breki wala si kwa ajili yake. Na kazi ya mshahara haikuwepo tena.

Njia ya kurudi nyumbani Breki alitangulia, hatua ndefu. Walipofika kwenye kivuko cha mtaro alisimama akamngoja.

"Ile ilikuwa ada ya mtoto," alisema.

"Najua."

"Na bado wamesaini."

"Najua."

Alitazama maji machafu chini ya ubao. "Nilikuwa namwomba Mungu uchelewe kuja," alisema. "Halafu ulipotokea, nikashukuru." Akampa mkono, akamvusha.

* * *

Watu wa kampuni walikuja Ijumaa moja saa nne asubuhi, wanne, na karatasi. Walichukua kitanda, kabati, redio, meza na viti vyake, na blanketi la bibi, ambalo mmoja wao alilikunja kwa adabu kwanza. Cherehani hawakuikuta. Makanika alikuwa ameipeleka jana yake kwa mkokoteni mpaka gereji kwake, kwa idhini ya akina mama wa kikundi, waliosema rehani yao haiwezi kwenda kwa mtu mwingine. Bibi alikaa mlangoni wakati wanatoa vitu, akiwauliza kila mmoja anatoka na nini, nao wakamjibu.

Breki alipata kazi kwa mwenye malori mawili, mzee mkali asiyetoa posho, anayekagua mita ya dizeli kila akirudi. Anaendesha gari la mtu. Likiharibika anampigia mzee, anatukanwa, analala. Binti hakurudi bweni. Aliingia shule ya kutwa ya jirani baada ya kupoteza muhula mzima, na jioni anatia vifungo. Jicho moja la bibi lilipasuliwa hospitali ya serikali baada ya foleni ya miezi saba. La pili daktari alisema limechelewa.

Siku moja, mwezi wa nane tangu ile Jumatatu, mshonaji alikuwa anakata kitambaa nje ya mlango. Mwanamke alisimama mbele yake, mtoto mgongoni. Hakumtambua kwa uso. Alizitambua nywele, ingawa sasa zilikuwa zimefunikwa nusu kwa kitambaa.

"Nimeuliza njia yote nyumbani kwa dereva anayeitwa Breki," msichana alisema. "Samahani kwa kuja hivi."

"Karibu, kaa."

Hakukaa. "Mume wangu yuko mlimani, gari limekufa. Siku ya tano. Wanasema rejesho la Jumatano likipita watavunja." Alimeza mate. "Dada, ni kweli wanakuja mpaka ndani?"

"Wanakuja."

"Hata kitanda?"

"Hata kitanda. Wanakuja Ijumaa, saa nne." Mshonaji aliweka mkasi chini. Alikuwa amewahi kuyapanga maneno ya siku hii, akiwa peke yake na cherehani, na yalikuwa maneno makali. Sasa hakuyaona yalipo. "Wewe kazi yako ni nini?"

"Ninasuka. Nina kikaushio cha nywele, kile kikubwa cha kusimama. Nilikinunua kabla sijaolewa."

"Kimeandikwa kwenye karatasi yao?"

"Sijui. Sikusoma."

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

Mshonaji alikunja kitambaa, akamwita binti yake akae na bibi, wakaongozana mpaka nyumbani kwa msichana. Huko alimfungua mtoto mgongoni mwa msichana, akambeba mgongoni mwake mwenyewe, kwa sababu msichana alikuwa mwepesi na kikaushio kilikuwa kizito. Kilikuwa na magurudumu matatu, la nne halikuwepo, kwa hiyo hakikusukumika. Walikibeba mwendo wa nusu saa mpaka gereji ya makanika, mmoja huku na mmoja kule, wakipumzika kila mlango wa tatu, na watu waliokaa barazani waliwauliza kama wanahama.